Kutoka Taya Hadi Jeni

Maradhi hayaanzi siku yapewapo jina. Watoto wa Afrika Mashariki walikuwa wakivimba taya na kufa tangu zamani, kabla ya mwaka 1957, ambapo Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alimwona mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya, na baada ya kitambo akamwona wa pili. Akashuku kuwa maradhi ni yale yale, na mwaka 1958 akachapisha habari zake. Chombo chake kilikuwa macho. Kisha ikawa ramani. Mwaka 1961, pamoja na matabibu wenzake wawili, alisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000 hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine, akaona kuwa uvimbe huo hupenda nchi zenye joto na mvua.

Mwaka huo huo alieleza habari za uvimbe huo London, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwake kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona virusi ndani ya chembe zake. Mwaka 1976 ilidhihirika kwamba katika chembe hizo kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye ile ya 14. Na mwaka 1982 ikajulikana kuwa palipokatika ndipo ilipo jeni iitwayo MYC, ambayo huamrisha chembe kuongezeka.

Hapo utambuzi wa saratani ukabadilika. Zamani mchunguzi alitegemea umbo la chembe chini ya darubini, na umbo huweza kudanganya, kwa kuwa saratani nyingine za tezi hufanana na hii ilhali tiba zake ni mbali. Sasa aweza kuitafuta MYC iliyohama, akapata ushahidi usiotegemea sura.

Lakini uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na mtoto anayengoja majibu ya maabara kwa majuma hangoji bure tu, anakufa. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni watafiti nchini Tanzania na Uganda wamejaribu kuyatambua maradhi haya kwa damu, wakitafuta ndani yake DNA ya virusi na ya uvimbe wenyewe, pasipo kungoja kukata nyama.

Yafaa msomaji akumbuke asili ya elimu hii. Ilitokana na miili ya watoto wa Uganda na jirani zake, nayo imewafaa wagonjwa wa dunia nzima. Kipimo hicho kikibaki mikononi mwa watafiti wachache, kisifike katika hospitali za wilaya, elimu itakuwa ingali na deni. Na wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa.