Chungu cha Kwanza

Desemba 1922, ndugu wawili wazungu, George na Charles Hurst, walisajili kampuni ya bia Nairobi. Kiwanda kilikuwa Ruaraka, na bia yao ya kwanza ilipelekwa hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na ndiyo maana mpaka leo kuna ndovu kwenye chupa ya Tusker. Hadithi hii unaijua. Kampuni yenyewe imeisimulia miaka mingi, na hata mtu asiyekunywa ameisikia.

Lakini Bungoma na Trans Nzoia kuna pombe za kwanza kwa mamia, na hazina wa kuzisimulia. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, wavulana wa Kibukusu hutahiriwa. Siku chache kabla ya kisu, mvulana huchota maji mtoni na kuyamimina kwa mkono wake kwenye chungu cha busaa. Kitendo hicho kinaitwa khuchukhila. Busaa ambayo wageni watakunywa siku yake imeanzia mikononi mwake. Hakuna anayemuuliza kama anapenda ladha yake. Kazi ya chungu hicho ni kuhesabu siku: maji yakishaingia, tarehe haisogezwi tena, kwa sababu pombe haingoji mtu.

Mimi ni msichana, kwa hivyo khuchukhila hainihusu. Lakini mvulana akishamimina maji yake, wanaobaki na kazi ya kupika ni wanawake. Mwaka huu, nikiwa na miaka ishirini na sita, nilimwomba kukhu, nyanya yangu, anifundishe. Nilitoka Kitale ninakoishi na gorogoro nne za unga wa mahindi, nikapanda matatu hadi kwake Bungoma. Wimbi ulikuwa wake, wa shambani.

Hivi vitu viwili, unga wa Kitale na wimbi wa Bungoma, ndivyo vilivyonifanya nianze kusoma historia.

Wimbi ni wa zamani. Ulikuwa chakula na pombe ya watu hawa kabla mzungu yeyote hajaonekana. Mahindi meupe ya kuuza ni hadithi nyingine. Serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi ardhi ya Trans Nzoia, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yakapata njia ya kwenda Mombasa na ng'ambo. Babukusu wengi waliingia kwenye mashamba hayo kama maskwota na vibarua. Sehemu ya malipo yao ilikuwa posho, yaani unga. Huo unga haukuishia kwenye ugali peke yake. Mwaka 1956 Kenya Seed ilianzishwa palepale Kitale, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha mji huo kikatoa mbegu chotara ya H611. Sasa, mtu akiiita busaa "pombe ya asili", amesema nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni reli, posho na maabara ya mbegu.

Upishi wenyewe unataka subira. Unga unakandwa kwa maji, unafunikwa siku kadhaa hadi uchachuke. Kisha unakaangwa kwenye nusu ya pipa la chuma mpaka uwe punje za kahawia, na boma lote linanukia mahindi choma. Wakati huohuo wimbi unaloweshwa, unaachwa uchipue, unaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Vyote vinakutana chunguni na maji. Usiku wa pili nilisikia chungu kikichemka bila moto. Nilikaa nacho nikisikiliza, kama mtu anayelinda mtoto mwenye homa.

Siku ya tatu tulichuja kidogo. Ladha ya kwanza ni uchachu, kama uji uliolala. Halafu unakuja ule moshi wa unga uliokaangwa, na mwishoni kabisa utamu mdogo wa wimbi. Ni nzito, unaitafuna kidogo kabla ya kumeza. Kukhu alionja, akanyamaza, akaonja tena.

"Hii ingelipa karo," akasema.

Si kwamba alikuwa anatania. Baba yangu alimaliza sekondari kwa pesa ya busaa, na si yeye peke yake. Magharibi ya Kenya kuna walimu, manesi na hata mapasta waliosomeshwa na chungu. Karo yangu iliisha nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikatoka. Wakati huo kukhu alikuwa ameshaacha kuuza. Alichoka kukimbia na sufuria migombani kila alipoambiwa askari wanakuja.

Nilitaka kujua serikali ilikuwa na shida gani hasa na kile chungu. Ukifuata sheria utaona haikuwa pombe. Mwaka 1908 sheria ya Natal, Afrika Kusini, iliruhusu miji kama Durban kuwa muuzaji pekee wa pombe ya Waafrika, na faida ikaenda kwa manispaa. Nairobi iliiga mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 1920: pombe ikauzwa kwenye ukumbi wa manispaa kule Pumwani, na mama aliyepika nyumbani kwake akawa mhalifu. Kinywaji kilekile, ila pesa imebadilisha mfuko. Baada ya uhuru, serikali ya Moi ilifunga vilabu vya busaa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Mwaka 2004 kampuni ile ya Ruaraka ilileta Senator, bia ya bei ya chini ya kushindana na pombe za mtaani, na serikali ikaiondolea ushuru. Ati mwenye kiwanda anapunguziwa, mwenye chungu anakimbizwa.

Sheria ya 2010 ilifuta ile ya chang'aa na kusema anayetengeneza pombe ya kuuza awe na leseni. Siipingi. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu wengi katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema pombe isikaguliwe. Lakini busaa haikenekwi, ni unga, kimea na maji, na masharti ya leseni yameandikwa kana kwamba kila anayepika ana kiwanda. Mama mwenye chungu kimoja cha kulipia muhula mmoja hayumo kwenye fikra za aliyeyaandika.

Chungu chetu tulikimaliza kwa siku mbili. Busaa hailali sana, uchachu unazidi, kwa hivyo lazima uite watu. Walikuja majirani, akaja senge na mumewe, wazee wakatoa mirija mirefu wakakizunguka chungu, mmoja akiongeza maji ya moto kila kilipopungua. Hakuna aliyelipa. Machicha tuliwapa kuku.

Jioni ya mwisho, tukiosha chungu, nilimuuliza kukhu amepika vyungu vingapi maishani mwake. Nilitegemea atasema hajui, au ataje mamia. Alisugua kidogo, akahesabu kwa vidole.

"Cha baba yako, mihula kumi na miwili," akasema. "Cha senge wako, sita. Hapo ndipo walipovunja kile kikubwa."