Mpuliza oboe aliyeanza upya akiwa na miaka 65

Kwetu Njombe matarumbeta yakilia Jumapili asubuhi unajua Walutheri wana shughuli. Na mimi nilijaribu kupuliza nikiwa shule ya msingi. Midomo ikauma wiki mbili, nikaacha. Ndiyo maana habari za Léon Goossens zimenishika.

Wadau, wangapi wanaijua oboe? Ni binamu wa zumari yetu ya pwani: matete mawili membamba yaliyofungwa pamoja, unayabana kwa midomo na kupuliza. Na msidhani haituhusu. Oboe nyingi hutengenezwa kwa mpingo, mti ule ule wa Lindi na Mtwara. Sisi tunachongea vinyago, Wazungu wanapigia okestra.

Goossens alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1897, katika nyumba iliyojaa wanamuziki. Baba yake aliongoza okestra, kaka yake Eugene vilevile, na dada zake wawili walipiga kinubi. Kabla hajafikisha miaka 20 alikuwa mpiga oboe mkuu wa okestra ya Queen's Hall, London. Kisha vita vya kwanza vya dunia. Kaka yake mwingine, Adolphe, alifia vitani mwaka 1916. Léon mwenyewe alipigwa risasi, eti kasha la sigara lililokuwa mfukoni likapunguza makali yake. Akapona.

Wakati ule oboe Uingereza ilikuwa na sauti kavu ya puani. Yeye akaifanya iimbe, sauti laini yenye mtetemo kama ya mtu. Wakongwe wengine hawakuipenda, ila vijana waliifuata. Kuanzia 1924 alifundisha katika vyuo viwili vikubwa vya muziki London, na Evelyn Rothwell, aliyekuja kuwa mpiga oboe mashuhuri, alipitia mikononi mwake. Mwaka 1932 Thomas Beecham alipounda London Philharmonic, oboe ya kwanza ilikuwa ya Goossens. Watunzi kama Britten na Vaughan Williams wakamtungia.

Halafu 1962. Ajali ya gari. Meno na midomo vikaharibika, na mzee ana miaka 65. Kwa mpiga oboe hiyo ni sawa na fundi cherehani kukatwa vidole! Angestaafu nani angemlaumu? Jina alikuwa nalo, na wanafunzi wake walikuwa wamejaa kwenye okestra.

Kumbe hakutaka. Namna ya kubana matete aliyoifundisha miaka yote haikumfaa tena kwa midomo ile, basi akawa mwanafunzi wake mwenyewe, akatafuta namna nyingine taratibu, noti moja moja, miaka kadhaa. Kwangu mimi hapo ndipo ualimu wake ulipo, kuliko kwenye vyuo vile viwili. Mwaka 1966 alirudi jukwaani London. Akaendelea kupiga hata alipovuka miaka 80, na alifariki mwaka 1988 akiwa na miaka 90.