Chai ya Noeli ilivyofika Kirumba

Ukimwuliza Mkatoliki mzee wa Kirumba anakula nini asubuhi ya Noeli, kabla ya kutaja chakula chochote atakuuliza na yeye: kabla ya Misa au baada ya Misa? Swali hilo lina umri wa karibu miaka mia katika vilima vya Lubero, mashariki mwa Kongo. Naamini ndilo lililopanga meza ya Noeli ya Wanande wa vilima hivyo, kuliko mchinjaji na kuliko mwenye duka.

Mapadri Waasumpsioni kutoka Ubelgiji walifika eneo la Beni mwaka 1929. Mwaka 1938 Roma ikaifanya Beni kuwa vikarieti chini ya Askofu Henri Piérard. Mwaka 1959 likawa jimbo kamili, na mwaka 1967 likapewa jina la Butembo-Beni linalotumika mpaka leo. Mapadri hao walikuja na sheria ya mfungo iliyokuwa ikishikwa na Kanisa lote duniani: anayetaka kupokea komunyo asile wala asinywe kitu tangu saa sita ya usiku, hata tone la maji. Katika miji ya Ulaya, kanisa likiwa mtaa wa pili, sheria hiyo haikuwa mzigo mkubwa. Kwetu, kanisa lilikuwa upande wa pili wa bonde. Mkristo alishuka mtoni gizani, akapanda kilima cha pili, akaingia kanisani na tumbo tupu, akatoka jua likiwa juu. Waliokaa mbali zaidi walikuja tangu jana yake wakalala karibu na misioni.

Kwa hiyo kwa kizazi cha kwanza cha Wakatoliki, asubuhi ya Noeli haikuwa na chakula. Walikula baada ya Misa, mara nyingi mbali na nyumbani, na walikula kile kinachobebeka: ndizi zilizochemshwa, viazi vitamu, mahindi ya kuchoma. Nyumbani, asubuhi ya siku za kawaida ilikuwa ya uji wa ulezi au ya kupasha moto maharage yaliyolala. Ulezi, mtama, ndizi na magimbi vilikuwepo kabla ya mzungu yeyote. Noeli haikubadilisha chakula hicho mara moja. Ilichobadilisha kwanza ni saa ya kula.

Roma ililegeza kamba pole pole. Januari 1953 Papa Pius XII alitangaza kwamba maji hayavunji mfungo. Mwaka 1957 akapunguza mfungo wa chakula hadi muda wa saa tatu. Novemba 1964 Papa Paulo VI akaufanya saa moja tu. Tangu hapo hakuna sheria inayomzuia Mkatoliki wa Butembo kunywa chai alfajiri na kwenda kanisani. Hata hivyo nyumba nyingi zinaendelea kula baada ya Misa, na vijana wa nyumba hizo hawajui kwamba wanashika desturi ya bibi zao waliotembea usiku na kiu.

Wabatisti hawakuwa na mfungo huo. Misioni yao ya Katwa, pembeni ya Butembo, ni ya wakati ule ule wa Waasumpsioni, na ndimo ilimokulia jumuiya inayoitwa leo CBCA. Mbatisti alikunywa kwanza, akaenda kuimba baadaye. Mitaa ya Butembo bado inaonyesha tofauti hiyo tarehe 25 Desemba: nyumba moja moshi unatoka kabla ya jua, jirani yake jiko linangoja kengele ya mwisho.

Lakini kilichomo kikombeni kilitoka wapi? Hapa historia inaacha kanisa na kuingia shambani. Wabelgiji waliona kwamba nyanda za juu za Lubero, zinazopita mita 2,000 sehemu nyingi, zina baridi inayofaa mazao mapya. Wakaleta ngano, viazi vya kizungu, kabichi, kahawa ya arabika, kinkina (mti wa kwinini) na chai. Majani ya chai bado yanachumwa Butuhe, karibu na Butembo. Mkulima wa Kinande alijifunza mazao hayo kwa kazi ya kulazimishwa na kwa mshahara mdogo, tena kwa faida ya mwingine. Arabika ilipakiwa magunia ikaenda zake. Mpaka leo ni nadra kuona familia ya Lubero inayoamka na kahawa aliyoipanda baba yao. Kahawa huuzwa, na nyumbani hunywewa chai. Hilo linaniuma kila ninapoona mikahawa ya Ulaya ikiisifu arabika ya Kivu.

Chai yenye sukari na maziwa, pamoja na mkate wa ngano, ilionekana kwanza kwenye meza za mapadri, masista na walowezi. Iliteremka kwa wapishi, walimu, makarani, wauguzi, kisha kwa kila aliyekuwa na faranga kidogo mwisho wa mwaka. Ndiyo sababu ikawa chakula cha sikukuu. Uji ulikuwa wa kila siku, nao mkate ulinunuliwa. Mama aliyeweka mkate mezani asubuhi ya Noeli aliwaambia watoto wake, bila kusema neno, kwamba siku hiyo nao ni watu wa heshima.

Kisha ikaja miaka ya Rais Mobutu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Novemba 1973 serikali ikatangaza zairianisasyo, yaani maduka na mashamba ya wageni kukabidhiwa Wazairwa, kama Wakongo walivyoitwa wakati ule. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za taifa. Tarehe 25 Desemba 1974 iliangukia Jumatano, na ilikuwa siku ya kazi. Mwalimu na karani walikunywa chai yao haraka wakaenda kazini. Mkulima wa Kirumba hakuwa na mkubwa wa kumhesabu asubuhi. Alisali, akala, akapumzika. Siku ile Noeli ya shamba ilikuwa huru kuliko Noeli ya ofisi.

Zairianisasyo iliharibu mashamba mengi nchini, lakini Butembo ilitoka na kitu kingine. Wafanyabiashara Wanande, ambao tayari walikuwa wakiuza mboga, maharage na kahawa, walishika biashara mikononi mwao. Walipita mpaka wa Kasindi, wakaingia Uganda, wakafika Mombasa, na baadaye Dubai na miji ya Uchina. Malori yao yalirudi na nguo na pikipiki, na pia unga wa ngano, sukari, maziwa ya unga na siagi ya kopo. Kwa njia hiyo mandazi yakaingia kila nyumba. Unga kilo moja, sukari kidogo, mafuta ya kukaangia, na makaa ya mikaratusi inayozunguka mji: mama na mabinti hukanda tarehe 24 usiku, na asubuhi beseni limejaa. Mandazi yana faida kubwa kuliko mkate wa tanuri, kwa sababu yanatosha hata watoto wa majirani wanaopita na nguo mpya.

Nyama huja baadaye. Wengi huweka akiba kwa likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana pesa, mwaka mzima ili wanunue ng'ombe mmoja na kugawana. Pale wanapochinja alfajiri, maini ndiyo ya kwanza kuiva, na mwenye bahati huyala na ndizi kabla chai haijapoa. Mchele, bugali, sombe na kuku ni vya mchana, na kasiksi, pombe ya ndizi, ni ya jioni.

Ladha ya asubuhi hiyo imeguswa na mambo mazito miaka ya karibuni. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamewatoa wakulima wa Beni mashambani mwao. Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu 2,287 kabla ya kumalizika Juni 2020. Noeli mbili zilipita katika ugonjwa huo: watu walinawa maji ya klorini mlangoni mwa kanisa, hawakupeana mikono, na kula sahani moja, desturi yetu ya siku zote, kukawa jambo la kuogopa. Tarehe 25 Desemba 2021 mtu aliyebeba bomu alijilipua kwenye mlango wa mkahawa mjini Beni na kuua waliokuwa wakisherehekea. Parokia nyingi zimetoa Misa ya usiku gizani na kuiweka alasiri. Hivyo asubuhi imekuwa na uzito mpya: ndiyo saa ambayo familia nzima iko nyumbani, salama, na mlango uko wazi.

Kirumba yenyewe iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Katikati ya Desemba mwaka ule mapigano yalifika Alimbongo, kwenye barabara ile ile ya taifa namba 2 inayopandisha viazi na maharage Butembo na kuteremsha unga na sukari Kirumba. Maelfu walikimbia kuelekea Lubero na Butembo siku chache kabla ya Noeli. Wengi hawakwenda kambini. Walipokelewa na ndugu na marafiki, na chai ya nyumba moja ikagawanywa kwa nyumba mbili au tatu.

Historia hii haijaandikwa ipasavyo. Vitabu vya misioni vinahesabu ubatizo na ndoa, havihesabu sufuria. Aliyekuwa mtoto wa miaka saba mwaka 1953, mfungo wa maji ulipoondolewa, leo ana umri wa karibu miaka themanini, na huenda anaishi chumba cha nyuma nyumbani kwako kwa sababu vita vimemfukuza Kirumba. Noeli hii, mpe kikombe, kaa naye, mwulize walikula nini, saa ngapi, na nani alilipa sukari. Andika jibu lake, na jina la kijiji chake.