Kisio la Mfumo, Uamuzi wa Ofisa

Katika sheria za kulinda data kuna haki ambayo wengi hawajaisikia: raia asiamuliwe jambo zito na kompyuta peke yake. Kenya iliiweka katika kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wanaoieleza kwa Kiswahili huandika “uamuzi wa kiotomatiki” au “uamuzi wa kimashine”. Kwa maoni yangu, istilahi zote mbili zinaipa mashine cheo isichostahili.

Kwa Kiswahili, kuamua pia ni kuingia kati ya wanaogombana na kuwatenganisha. Mwamuzi huonekana, hujulikana na huulizwa sababu. Programu hupokea taarifa, huzilinganisha na za watu waliotangulia, kisha hutoa tarakimu. Kiswahili kina neno la kazi hiyo: kukisia. Kinachotoka ni kisio.

Chukua bima ya afya ya jamii nchini Kenya, inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) tangu Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mama mboga hana hati ya mshahara, kwa hiyo huulizwa kuhusu nyumba na mali yake, na mfumo hukisia kipato chake kutokana na majibu hayo, kisha humpangia mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kisio huweza kukosea: huenda paa zuri liliezekwa na mume ambaye sasa ni marehemu. Likiitwa uamuzi, karani huona hana mamlaka ya kuligusa, naye mama huona mambo yamekwisha.

Australia imeonja uchungu wa jambo hili. Mpango uliojulikana kama Robodebt, ulioshika kasi 2016, ulichukua kipato cha mtu cha mwaka, ukakigawa sawasawa katika vipindi 26 vya wiki mbili mbili, ukamdai aliyewahi kupokea msaada wa serikali. Aliyekaa bila kazi nusu mwaka, akaajiriwa nusu ya pili, alihesabiwa kuwa na kipato mwaka mzima, kana kwamba hakustahili msaada aliopewa. Hiyo haikuwa hata akili bandia. Ilikuwa hesabu ya shule ya msingi. Lakini barua zilitoka kana kwamba deni limethibitishwa, na raia ndiye akatakiwa kulikanusha. Mwaka 2020 serikali ilitangaza kurejesha dola milioni 721. Tume ya uchunguzi, iliyotoa ripoti Julai 2023, ilisikiliza mama waliofiwa na wana wao waliojiua.

Mifumo inayokuja serikalini haitaishia kugawa kwa 26. Itapima taarifa nyingi kwa pamoja, na mara nyingine hata walioiunda watashindwa kueleza kwa nini fulani amekataliwa. Ndiyo maana nataka sheria na fomu zetu zitenganishe kisio la mfumo na uamuzi wa ofisa. Ujumbe unaomfikia mwombaji kwenye simu useme mfumo umekisia nini, kwa taarifa zipi, nani ameamua, na amebakiwa na siku ngapi za kukata rufaa.