Unavuta tela la safari Marekani? Hivi ndivyo unavyopanga kiungio cha kugawa uzito

Tela limeshafungwa kwenye pikapu, mizigo iko ndani, familia inasubiri safari. Lakini ukiliangalia gari kwa pembeni, nyuma limekaa chini na pua imeinuka.

Hilo si suala la muonekano tu. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa wakati wa kufunga breki. Yakipungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa zako zinawapiga machoni madereva wanaokuja mbele yako.

Kwa wanaovuta matela ya safari Marekani na Kanada, yaani zile nyumba ndogo za magurudumu zenye vitanda, jiko na choo, dawa yake ni kiungio cha kugawa uzito. Ila kukinunua ni nusu tu ya kazi. Kikipangwa vibaya, hakisaidii.

Kinafanyaje kazi?

Fikiria wilbaro. Ukiinua mikono yake, uzito unahamia kwenye gurudumu la mbele.

Kiungio hiki kinafanya hivyo hivyo. Kina fimbo mbili za chuma cha springi zinazotoka kwenye kichwa cha kiungio, nyuma ya gari, na kushikwa kwenye fremu ya tela kwa minyororo au mabano. Zikikazwa, sehemu ya uzito inatoka kwenye ekseli ya nyuma ya gari na kugawanywa kwa ekseli ya mbele na ekseli za tela.

Anza na namba

- Uzito wa pua ya tela. Kwa kawaida unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela likiwa na mizigo. Tela la pauni 6,000 (kama kilo 2,700) liwe na pauni 600 hadi 900 puani.
- Uwezo wa kiungio. Fimbo zilingane na uzito huo wa pua. Zikiwa dhaifu hazihamishi uzito wa kutosha. Zikiwa ngumu kupita kiasi zinalipigisha tela mitikisiko.
- Kibandiko kwenye soketi ya nyuma ya gari. Mara nyingi kina namba mbili: uzito unaoruhusiwa bila kiungio hiki, na ukiwa nacho.
- Kitabu cha gari. Yapo magari ambayo watengenezaji wake hawaruhusu kiungio cha aina hii.

Kumbuka: kiungio hakiongezi uwezo wa gari kuvuta. Kama kitabu kinasema mwisho ni pauni 7,000, unabaki pale pale.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta sehemu tambarare. Jaza upepo wa matairi, weka mafuta, na pakia gari na tela kama siku ya safari. Ukipima tela likiwa tupu, vipimo havitakuwa vya kweli siku likijaa.

2. Tela likiwa bado halijafungwa, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, juu ya gurudumu. Andika. Tuseme ni inchi 36.

3. Lisawazishe tela kwa jeki, kisha pima kimo cha mdomo wake wa kuunganishia. Panga tufe la kiungio kwa kimo ambacho maelekezo ya kifaa yanataka. Hakikisha saizi ya tufe inalingana na mdomo wa tela. Zinazotumika sana ni inchi 2 na inchi 2 na 5/16.

4. Funga tela bila kuweka fimbo za springi. Pima tena madigadi ya mbele. Tuseme sasa ni inchi 38: pua ya gari imepanda inchi 2.

5. Sasa inua pua ya tela kwa jeki, ikiwa imefungwa kwenye gari, hadi nyuma ya gari nayo inyanyuke. Fimbo zitaingia bila kulazimisha. Tumia mpini uliokuja na kifaa na usimame pembeni. Fimbo iliyokazwa ikichomoka inaweza kuvunja mkono.

6. Teremsha jeki na upime mara ya tatu. Kitabu cha gari kinaweza kutaka pua irudi nusu ya ilivyopanda, hapa inchi 37, au irudi karibu kabisa pale ilipoanzia. Fuata kitabu cha gari lako. Isishuke chini ya kipimo cha kwanza.

7. Bado iko juu? Ongeza mkazo: punguza pingili moja ya mnyororo, inua mabano, au badili mwinamo wa kichwa cha kiungio. Imeshuka mno? Fanya kinyume. Tela lenyewe likae sawa au liinamie mbele kidogo, lisitazame juu.

8. Kaza bolti kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye maelekezo. Pitisha minyororo ya usalama kwa kupishana chini ya mdomo wa tela, unganisha waya wa breki ya dharura, halafu jaribu taa na breki.

Maliza kwenye mizani

Futi ya kupimia inakupa mwanzo mzuri, lakini jibu la uhakika liko kwenye mizani. Vituo vya malori Marekani vina mizani, zikiwemo za CAT Scale, zinazopima kila kundi la ekseli peke yake.

Pima mara tatu: fimbo zikiwa zimekazwa, fimbo zikiwa zimetolewa, na gari peke yake bila tela. Watu walewale wabaki garini mara zote. Linganisha uzito wa ekseli ya mbele: utaona umepungua kiasi gani tela lilipofungwa, na fimbo zimerudisha kiasi gani.

Ili kupata uzito wa pua ya tela, chukua uzito wa gari likiwa na tela bila fimbo, toa uzito wa gari peke yake.

Tela likianza kuyumba

Usikanyage breki kwa nguvu na usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, na bonyeza breki za tela pekee kwa kidhibiti chake cha mkononi.

Likitulia, simama mahali salama ukague mizigo. Vitu vizito vikikaa nyuma ya ekseli, pua ya tela inakuwa nyepesi na tela linapenda kuyumba. Hapo hata kiungio cha bei ghali hakitibu tatizo. Hamishia mzigo mbele kwanza, halafu pima upya.