Utambuzi wa Umbile na Wanaopima Uhai

Uchaguzi mdogo wa Malava, nchini Kenya, wa tarehe 27 Novemba 2025, ulioitishwa baada ya kifo cha mbunge Malulu Injendi mwezi Februari mwaka huo, umekwisha, na siasa zake nawaachia wenyewe. Nililobaki nalo kooni ni karatasi moja ya mafunzo iliyonifikia, isiyo na jina la mwandishi wala la kamati iliyoipitisha. Humo, tendo la mpiga kura kuweka kidole kwenye mashine akajulikana ni nani limeitwa "utambulisho wa vipimo vya uhai".

Mashine yenyewe sina haja ya kuieleza. Vifaa vya KIEMS, vinavyomtambua mpiga kura kituoni, tumevizoea tangu 2017, na kabla yake mwaka 2012 tulipanga foleni tukasajiliwa kwa alama za vidole kwa ajili ya uchaguzi wa 2013. Ninayoyashtaki ni maneno haya matatu, na kila moja lina kosa lake.

Nianze na "uhai". Katika neno la Kiingereza biometric, mwandishi alimwona Mgiriki akisema bios, akakimbilia uhai. Akaona metron, akaandika vipimo. Laiti angesoma kidogo zaidi! Jarida la Biometrika lilipoanzishwa mwaka 1901 na Francis Galton, Karl Pearson na Weldon, halikuhusu kumtambua mtu yeyote. Lilihusu takwimu za viumbe: urefu, uzito, urithi. Maana ya leo ilikuja baadaye, ikapanda juu ya neno lililokwishatumika. Anayetafsiri silabi za Kigiriki basi anatafsiri maana iliyohama. Na mtu wa Malava akiambiwa anakwenda kupimwa uhai, ataelekea hospitali. Wala hatakuwa amekosea.

"Utambulisho" nao umeingia mlango usio wake. Kutambulisha ni kumjulisha mtu kwa wengine. Mgeni hutambulishwa harambee, na kadi mfukoni ni kitambulisho kwa sababu inasema kwa niaba yangu. Mashine hainitambulishi kwa mtu. Inanitambua, na kazi hiyo ni utambuzi. Tena ipo kazi ya pili ambayo kamati zetu za istilahi huitupa kapu moja na ya kwanza. Karani akichukua kwanza namba ya kitambulisho changu, kisha akanitaka kidole ili aone kama ndimi, huo ni uthibitishaji: kidole kimoja dhidi ya kumbukumbu moja. Mashine ikipewa kidole kitupu isake mwenyewe kati ya maelfu, huo ndio utambuzi. Katika utambuzi nafasi ya kukosea ni kubwa zaidi, kwa kuwa kila kumbukumbu inayoongezwa daftarini ni mtu mwingine wa kufananishwa naye. Wenye kutumia neno moja kwa yote mawili wasishangae mafundi wakiwaelewa nusu.

Wapo wanaosema turidhike na "alama za vidole". Nawaheshimu, maana wamesema Kiswahili. Watanzania walisajili laini zao za simu kwa jina hilo hadi zile zisizosajiliwa zilipoanza kuzimwa Januari 2020, na kila mtu alielewa. Lakini Sheria yetu ya Uchaguzi inataja pia umbo la kiganja, ndewe ya sikio, mboni, mawimbi ya sauti, vinasaba na hata saini. Jina la kidole halibebi sikio. Wengine wanaandika "bayometriki", na majirani zao wa chumba cha pili "biometriki", halafu wanatuhubiria usanifishaji.

Pendekezo langu, ambalo kikao kimoja kililisikiliza kwa adabu na kulizika bila kumbukumbu, ni *utambuzi wa umbile*. Kitenzi chake ni umba. Wataalamu wa Kibantu hukisia asili yake kuwa -bumb-, kufinyanga udongo, na Kiluhya kimeihifadhi b hiyo: kubumba chungu ni kukifinyanga. Kiswahili kimeidondosha, kikabaki na ukoo mzima: umbo, umbile, kiumbe, Muumba. Kidole kilivyokunjamana tangu tumboni, sikio lilivyopinda, koo linavyotoa sauti, yote ni umbile. Hata mwendo wa mtu husemwa ndivyo alivyoumbwa. Na wanaodai kwamba bio- haiwezi kwenda upande huo wafungue kamusi zao wenyewe wakalitazame neno elimuviumbe. Mlango uliokwishafunguliwa kwa biolojia unafungwaje kwangu?

Saini, nakubali, hufunzwa shuleni. Lakini kinachopimwa humo ni mkono unavyoandika, kasi na mkandamizo wake, nao mkono umeumbwa. Suala hilo nalifunga hapo.

Pingamizi lililonikera zaidi lilitoka kwa bwana mmoja aliyecheka akisema kwamba "maumbile" ni neno la zahanati, la sehemu zisizotajwa mbele ya wakwe. Mbona hajacheka neno siri? Sehemu za siri ndizo hizo hizo, na bado benki zinatudai namba ya siri kila siku pasipo mtu kuona haya.

Hoja yangu kuu iko katika kitenzi kilicho kinyume cha umba, nacho ni umbua. Kumuumbua mtu ni kumvua sura yake hadharani. Namba ya siri ikiibwa, unabadilisha ukalala. Kidole kikiibwa hakuna kingine cha kuandikisha. Ndiyo sababu mifumo mizuri hutunza kiolezo, yaani hesabu ya vituo na matawi ya mistari ya kidole, badala ya picha yenyewe. Na ndiyo sababu hata kiolezo hicho kinadai ulinzi. Mahakama Kuu iliposikiliza kesi ya Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kusajili watu, na kuamua Januari 2020, ilizuia ukusanyaji wa vinasaba. Kwa Kiswahili ningesema ilikataa raia waumbuliwe. "Vipimo vya uhai" havina kinyume kama hicho. Havimwonyi mtu lolote.

Nchi hii ilikwishaona neno baya linavyofanya kazi. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Aliyebeba aliita kipande. Serikali iliita usajili. Kati ya majina hayo mawili, historia imeandikwa kwa lile la mbebaji, na mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922 kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko. Sanaa ya alama za vidole ilikomaa Bengali chini ya Waingereza, kwa hesabu walizozifanya Azizul Haque na Hem Chandra Bose, lakini mfumo ukachukua jina la mkubwa wao, Edward Henry. Kuhusu majina, basi, tusijifanye wepesi wa kusahau.

Kuhusu matumizi: karani aseme "weka kidole", na kikikataliwa, kama vidole vya mkata miwa vinavyokataliwa kwa kusuguliwa na panga, aseme "mashine haijakitambua kidole", asiseme "wewe haupo". Sheria ina njia mbadala, na daftari la karatasi liliruhusiwa katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni Agosti 2022 vifaa vilipogoma.

Kamati ikutane tena. Ikilichagua neno lingine lenye shina, tawi na kinyume chake, nitalitumia. Ikirudi na uhai wake, iwe tayari kuueleza mbele ya foleni ya Malava, saa kumi na mbili asubuhi, bila kamusi.