Mjue tumbusi, 'bwana afya' wa porini anayemalizwa na sumu

Ukiwa Ngerengere mida ya saa nne asubuhi, jua likianza kuchoma, tazama juu. Ukiona ndege wakubwa wanazunguka taratibu bila kupiga mabawa, huenda ni tumbusi. Wengi tunawaita tai tu, lakini tai kwa kawaida huwinda. Tumbusi anakula kilichokwisha kufa.

Anayejulikana zaidi ni tumbusi mgongo mweupe. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita mbili na zaidi.

Anaishi vipi?

Asubuhi haondoki mapema. Anasubiri hewa ya moto ipande, imbebe juu bila kutumia nguvu nyingi. Kwa siku anaweza kuruka zaidi ya kilomita 100, hivyo kwake Ngerengere, Mikumi na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ni kama mtaa mmoja.

Mzoga anautafuta kwa macho, sio kwa kunusa. Mmoja akishuka, wenzake wa mbali wanamwona na kumfuata. Muda mfupi tu kundi limejaa. Tindikali ya tumboni mwake ni kali, inaua vijidudu vingi vya magonjwa. Ndiyo maana anastahili kuitwa bwana afya.

Yai moja tu

Hujenga kiota cha vijiti juu ya mti mrefu. Jike hutaga yai moja tu, na wazazi hulalia kwa zamu karibu miezi miwili. Kinda hukaa kiotani miezi minne hivi kabla ya kuruka, na itamchukua miaka kadhaa naye aanze kuzaa. Yaani, wakipungua leo, kurudi kwenye idadi yao ya zamani ni kazi ya miaka mingi.

Sumu inaua wengi kwa mpigo

Mwaka 2015, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka kwenye kundi la walio hatarini sana kutoweka.

Adui mkubwa ni sumu. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba au fisi anapaka mzoga sumu ili kulipiza kisasi, halafu wanaokufa kwa wingi ni tumbusi. Majangili nao wanawaua makusudi, kwa sababu wakizunguka juu ya mzoga wa tembo, askari wa wanyamapori wanajua pa kwenda. Wengine huuawa kwa ajili ya dawa za kienyeji.

Juni 2019 nchini Botswana, mizoga ya tembo watatu iliyowekwa sumu iliua tumbusi 537. Kumbuka, kila mmoja alitokana na yai moja.

Wakiisha, mizoga haibaki bila mlaji. India ilipopoteza karibu tumbusi wake wote kuanzia miaka ya 1990, kwa sababu ya dawa ya mifugo iitwayo diklofenaki, mbwa koko waliongezeka, na watafiti wanahusisha hali hiyo na vifo zaidi vya kichaa cha mbwa.

Ufanye nini?

Usiweke sumu kwenye mzoga, hata kama fisi amekutia hasara. Ukikuta tumbusi kadhaa wamekufa sehemu moja, usiwashike na usiruhusu mbwa wasogee. Toa taarifa serikali ya kijiji, kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Morogoro.